Dozi Isiyofungwa Bila Mgeni Rasmi

Nchi ya Utepe haipo. Tukubaliane hilo mapema, ili msomaji ambaye ni kiongozi aendelee kunywa chai yake kwa amani. Haimo kwenye ramani, haina majirani, na kama kuna mtu ataona inafanana na nchi anayoifahamu, basi huyo ana matatizo yake binafsi.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, hakuna jambo lililoruhusiwa kuanza wala kwisha bila mgeni rasmi. Kisima cha Magengeni kilichimbwa, kikatoa maji matamu, kikazungushiwa utepe mwekundu, na baada ya mwaka na miezi minne wananchi walikuwa bado wanayatazama maji yale kwa heshima huku wakienda kuchota mtoni. Daraja lilipojengwa, watu waliendelea kuvuka chini yake, viatu mkononi, maana juu kulikuwa bado hakujazinduliwa. Mwaka mmoja mvua ilianza kunyesha kabla mgeni rasmi hajafika kuzindua msimu. Mkuu wa Wilaya akatoa tamko kali, akiitaka mvua ijitathmini.

Haya yote watu walikuwa wameyazoea. Balaa lilianza pale serikali ilipogundua kwamba kuna kitu kimoja kinaanza na kwisha kila siku, mchana kweupe, bila utepe wala makofi. Kitu hicho ni dozi ya dawa za kuua bakteria.

Ilikuwa hivi. Dawa hizo zilikuwa zimeanza kushindwa. Watu walizitafuna kama karanga, wengine wakaziacha njiani, wengine wakazimeza kwa mafua ambayo hazina ugomvi nayo. Bakteria nao wakazizoea, kama mtoto anavyozoea kiboko cha kila siku. Baraza la Mawaziri likawaita madaktari bingwa watatu na kuwauliza swali moja fupi: mgonjwa atibiwe siku ngapi?

Mabingwa wakatazamana. Mkubwa wao, mama mmoja mwenye miwani mizito, akasema, "Waheshimiwa, inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea ni bakteria gani, wamekaa wapi mwilini, na mgonjwa mwenyewe anaendeleaje. Kibofu kinaweza kutaka siku tatu. Mapafu, tano. Mfupa, hata wiki sita. Na kila siku inabidi mtu aende kitandani, amtazame mgonjwa."

Ukumbi ukaingiwa na majonzi. Hapo ndipo aliposimama Waziri wa Ufunguzi na Ufungaji, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Pazi Kwangaya. Udaktari alitunukiwa, uhandisi alijitunuku.

"Serikali hii," alisema, "haijawahi kutegemea. Serikali inatamka! Leo tukikubali kwamba dozi inategemea, kesho mwananchi atauliza na sisi tunategemea nini." Makofi yakapigwa mpaka glasi za maji zikatikisika. "Dozi ni mradi, ndugu zangu. Mradi hufunguliwa na mgeni rasmi na hufungwa na mgeni rasmi. Siku zilizo katikati, hizo ndizo matibabu. Hata wahenga walilijua hili waliposema: mgeni njoo, mwenyeji apone."

Methali ikawa sheria. Neno "inategemea" likapigwa marufuku katika hospitali, vituo vya afya na zahanati zote. Mama wa miwani alipelekwa kusimamia afya ya samaki katika wilaya isiyokuwa na ziwa. Na kila ukuta ukabandikwa bango lenye picha ya Waziri ameshika mkasi: MALIZA DOZI. DOZI HUMALIZWA NA MGENI RASMI.

*

Bango moja lilibandikwa katika Kituo cha Afya Magengeni, juu ya meza ya Tabibu Tunu Mtengule. Tunu hakulibandua. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini na hajawahi kuandikiwa barua ya onyo hata moja, na rekodi hiyo aliipenda kuliko alivyopenda kukiri.

Kitu alichokipenda zaidi kilikuwa daftari lake la jalada gumu. Kila mgonjwa alikuwa na ukurasa wake: joto la asubuhi, joto la jioni, anapumuaje, anakojoaje, amekula nini na amekiacha nini. Pembeni kulikuwa na safu moja ambayo hakufundishwa chuoni, nayo ilikuwa ya manung'uniko. Tunu aliamini kwamba mgonjwa akianza kukilalamikia chakula, nusu ya ugonjwa imeshafungasha. Katika kurasa hizo ndimo alimosoma siku za dozi, mgonjwa mmoja mmoja, na akiziona zimetimia huandika chini neno moja: Imetosha.

Ijumaa moja aliletwa Mwalimu Zebedayo Mkupete, amefunikwa mablanketi mawili na bado anatetemeka. Magengeni nzima ilimjua. Alikuwa mwalimu wa kwaya kwa miaka thelathini, mtu aliyeweza kusimama nje ya ukumbi, mgongo umegeuka, akataja jina la mwimbaji aliyekosea sauti. Shingoni alikuwa na kamba, na kwenye kamba kilining'inia kijichuma chenye meno mawili ambacho alikiita uma wa sauti. Alikuwa akikigonga gotini, anakisogeza sikioni, kisha anawapa waimbaji wake sauti ya kuanzia.

Ugonjwa ulikuwa kwenye figo. Tunu akaamua kumchoma jenta, sindano ambayo bakteria wa figo wanaiheshimu. Lakini ni sindano ya kuhesabiwa. Ukiipitiliza siku zake, inawaacha bakteria na kugeukia masikio ya mgonjwa. "Siku saba," alimwambia muuguzi wake, mlango ukiwa umefungwa.

Ufunguzi haukuchelewa, kwa kuwa sheria ilimruhusu Mtendaji wa Kata kufungua dozi. Alifika na mkasi wake, utepe ukafungwa kwenye miguu ya kitanda, ukakatwa, Mwalimu akatapika, watu wakapiga makofi, sindano ikaingia. Kufunga ndiko kulikohifadhiwa kwa Mheshimiwa Waziri peke yake. Mgonjwa wa kufunguliwa huwa ana sura mbaya, wa kufungwa hutabasamu, na picha ni picha.

Siku ya tatu joto lilishuka. Siku ya nne Mwalimu alisema ugali wa kituo ungefaa kupiga lipu. Tunu aliandika maneno hayo kwa furaha kwenye safu yake na siku hiyohiyo akapeleka barua ya kuomba mgeni rasmi. Siku ya saba, Mwalimu akiwa amekaa kitandani anawasahihisha wauguzi nyimbo zao za kanisani, Tunu aliandika: Imetosha. Jibu la barua nalo likafika siku hiyo. "Mheshimiwa ana ratiba iliyobana. Endeleeni na dozi kwa ari na kasi."

Hapa lazima tuseme ukweli, hata kama unamchafua mtu wetu. Siku ya nane Tunu alichoma. Siku ya tisa alichoma. Siku ya kumi alichoma. Alijiambia mgeni yuko njiani.

*

Jioni ya siku hiyo ya kumi, Mwalimu Zebedayo alimwita. "Tabibu, hivi mbu wamehama humu?"

"Wamejaa, Mwalimu. Unao shingoni sasa hivi."

"Ajabu. Siwasikii." Akagonga uma wake gotini, akausogeza sikioni, akakunja uso. Akagonga tena, kwa nguvu. Akauhamishia sikio la pili. Kisha akauvua shingoni, akamnyooshea Tunu. "Huu nao umeharibika. Miaka thelathini, leo umenikatalia."

Tunu aliuchukua, akaugonga kwenye ukingo wa kitanda, akausikiliza. Ulilia vizuri, sauti nyembamba, safi, isiyokwisha. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

Angeweza kusema uongo. Nchi ya Utepe ilikuwa na uongo wa kutosha kugawia wodi nzima. Lakini alimtazama yule mzee machoni, akasema kwa sauti ya juu ili asikie, "Uma mzima, Mwalimu. Mimi ndiye nimekuharibu. Dawa imekupitiliza."

"Itarudi, sauti?"

"Kwa sindano hii, mara nyingi hairudi."

Mwalimu akanyoosha mkono, akaupokea uma wake. "Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya saba."

"Sasa ulikuwa unasubiri nini, mwanangu?"

"Mgeni."

Mzee akaurudisha uma shingoni taratibu, kama mtu anayevaa shati la marehemu. "Mgeni gani huyo," akauliza, "anayekula masikio ya mwenyeji kabla hajakaribishwa?"

Tunu alikwenda ofisini, akafungua daftari, na chini ya neno Imetosha akaandika: Nimezidisha siku tatu. T. Mtengule. Kisha akalitazama lile bango la Waziri mwenye mkasi, akalibandua, na upande wake mweupe wa nyuma akachorea jedwali la joto.

*

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumatatu. Alifika Afisa Itifaki wa Wizara, Bwana Kalumbete Shauri, mtu mwembamba aliyetembea na futi ya kupimia zulia. Alikuja na habari njema: Mheshimiwa angekuwa Magengeni Alhamisi. Alikagua kitanda cha Mwalimu, akaangalia saa.

"Sindano ya leo bado?"

"Hakuna," alisema Tunu.

"Imeahirishwa?"

"Imekwisha."

Bwana Kalumbete akatafuta pa kukaa. "Nani ameifunga?"

"Mwili wa mgonjwa. Mimi nimeandika tu."

"Tabibu! Mwili una cheo gani? Hiyo ni kuhujumu dozi ya taifa. Nina wajibu wa kuandika jina lako."

"Andika. Tunu binti Selemani Mtengule. La babu usilisahau, maana naye alikuwa mbishi."

Bwana Kalumbete aliandika. Halafu akafungua ramani ya sherehe. Wagonjwa wote ishirini wenye dozi wangetolewa nje na vitanda vyao, utepe mmoja wa mita arobaini ungepitishwa kitanda hadi kitanda, na Mheshimiwa angezifunga dozi zote kwa mkato mmoja. Ingekuwa rekodi ya nchi.

"Wote?" Tunu aliuliza. "Pamoja na Shomari?"

Shomari alikuwa kitanda cha dirishani, mguu wa kushoto juu ya mito. Yeye ndiye fundi aliyekichimba kile kisima cha Magengeni. Jiwe lilimwangukia, kidonda kikafika mfupani, na mfupa ukaoza. Hiyo ilikuwa siku yake ya kumi na sita ya sindano.

"Wote maana yake wote," alisema Bwana Kalumbete.

"Mfupa wa Shomari unataka siku arobaini na mbili. Mkimfunga Alhamisi, kabla ya mwaka kwisha tutamkata mguu."

"Tabibu, Mheshimiwa hawezi kufunga wagonjwa kwa rejareja."

"Huyu amezidishiwa, yule mnataka kumpunguzia, na wote wawili hakuna hata mmoja wenu aliyewatazama!" Sauti ya Tunu ilikuwa imepanda, na wala hakujaribu kuishusha. "Bwana Kalumbete, inategemea!"

Neno lilikuwa limetamkwa. Bwana Kalumbete akatazama dari, akitegemea labda itaporomoka, na ilipobaki mahali pake akaliandika na neno hilo.

Shomari ndiye aliyecheka, kicheko cha chini cha mtu aliyezoea kukaa shimoni. "Mzee wangu wa Wizara," alisema, "si mnapenda methali za wageni? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dawa nayo ni mgeni. Ya Mwalimu ilishalima ikamaliza, ninyi mkaizuia isiage. Ya kwangu ndiyo kwanza imeshika mpini, ninyi mnaifukuza. Sasa ninyi ni wenyeji wa namna gani?"

Bwana Kalumbete alikunja ramani yake. Alipofika mlangoni alikumbuka jambo. Itifaki ilidai kwaya. Akamwendea Mwalimu Zebedayo, akamwandikia kwenye karatasi: WIMBO WA KUMSHUKURU MHESHIMIWA. ALHAMISI.

Mwalimu alisoma, akanyanyua kichwa, akatabasamu tabasamu pana ambalo Tunu hakulielewa. "Atashukuriwa!" alijibu, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Mwambie aje na masikio yake!"

*

Alhamisi wagonjwa walitolewa nje saa mbili asubuhi, maana mgeni alitarajiwa saa tatu. Saa sita alikuwa bado. Wagonjwa wawili waliokuwa wamepona walikwenda mashambani, wakapalilia, wakarudi, wakajilaza tena. Saa saba na nusu msafara ukaingia, magari tisa, na vumbi likatua juu ya vidonda vyote bila ubaguzi.

Mheshimiwa Pazi Kwangaya alipanda jukwaani. Mbele yake, kwenye sinia lililofunikwa kitambaa cheupe, ulilala mkasi.

"Ndugu wananchi," alianza, "leo tunafunga dozi ishirini kwa mkupuo. Ishirini! Nchi zinazojiita zimeendelea hufunga dozi mojamoja, kimyakimya, chumbani, daktari na mgonjwa wake, kama watu wanaoona aibu. Sisi hatuoni aibu! Na bakteria wasikie. Bakteria wa Utepe wamefunguliwa kisheria na watafungwa kisheria. Atakayebaki mwilini baada ya mkasi huu, huyo ni mvamizi, na serikali haitamtambua."

Makofi. Bwana Kalumbete akaikaribisha kwaya.

Waimbaji kumi na wanane wakajipanga. Mwalimu Zebedayo alipita mbele yao akiyumba, kwa sababu dawa ilikuwa imegusa na mizani ya mwili wake. Nyuma ya jukwaa mtu akanong'ona kwamba mzee amelewa. Tunu alimsikia, akamgeukia, akamtazama mpaka mtu huyo akainuka akahama kiti.

Mwalimu akaugonga uma wake, akauweka kati ya meno badala ya sikioni, akafumba macho. Alikuwa akiitafuta sauti kwa mtetemo wa taya. Akaipata. Akainua mkono, na mwimbaji mmoja wa kike akaanza peke yake:

"Kidonda cha kidole, siku ngapi?"

Kwaya ikajibu kwa sauti nne: "Inategemea!"

"Kifua cha bibi, siku ngapi?"

"Inategemea!"

"Mfupa wa Shomari, siku ngapi?"

"Inategemea, inategemea, eeh, inategemea!"

Tabasamu la Mheshimiwa lilibaki mahali pake kwa muda, kwa sababu mpiga picha alikuwa bado ameinua kamera. Kisha likaanguka. "Nyamazeni!" alisema. Akakishika kipaza sauti. "Nyamazeni! Neno hilo limefutwa! Ni amri!"

Lakini kwaya iliyofundishwa vizuri haitazami jukwaa, hutazama mkono wa mwalimu wake. Na mwalimu wao alikuwa ameligeuzia jukwaa mgongo, na hakuna amri ya nchi hiyo iliyoweza kumfikia tena. Walimziba masikio kwa siku tatu za kumsubiri mgeni, na sasa mgeni amefika na ana neno la kusema, na mwenyeji hasikii.

"Nani akutazame?" aliuliza mwimbaji.

"Aliye karibu!"

"Nani akuhesabie?"

"Anayekuona!"

Bwana Kalumbete alikimbia, akamgusa Mwalimu begani na kumwonyesha jukwaa. Mwalimu aligeuka. Alimtazama Waziri pale juu, mdomo unafunguka na kufungika, mishipa ya shingo imesimama. Alimtazama bila haraka, kama alivyozoea kumtazama mwimbaji aliyekosea. Kisha akanyoosha vidole kwenye masikio yake mawili, akapaza sauti iliyofika mpaka barabarani.

"Siku kumi, Mheshimiwa! Saba zilikuwa za kwangu, nashukuru! Tatu zilikuwa za kwako!"

Akamgeuzia mgongo tena na kuinua mkono. Kwaya ikaingia kama iliyokuwa ikingoja ruhusa hiyo tu.

Waziri akaona wokovu wake umo kwenye mkasi. Akaufunua, akashuka, akaukamata utepe. Ila Shomari alikuwa ameshaanza kufungua fundo kwenye kitanda chake, kwa vidole vya fundi aliyefunga na kufungua kamba za ndoo maisha yake yote. Akampokeza wa kitanda cha pili, naye akafungua la kwake. La tatu. La saba. Bibi mmoja wa kifua alilifungua kwa meno. Utepe ukalegea wote, ukalala chini, na mkasi wa sherehe hukata kitu kilichokazwa tu. Mheshimiwa aliminya, utepe ukajikunja katikati ya makali. Akaminya tena. Ukatafunwa, haukukatika.

Saa nane kamili Tunu alitoka ndani na sinia lake. Juu yake palikuwa na sindano moja. Alipita kati ya Waziri na kamera, akasimama kwenye kitanda cha Shomari.

"Unafanya nini?" Waziri aliuliza.

"Kazi. Siku ya kumi na tisa," alisema Tunu, na akachoma, polepole, mbele ya watu wote, akihesabu kwa sauti. "Zimebaki ishirini na tatu. Ukitaka kufunga, Mheshimiwa, kaa hapa uzihesabu pamoja nami. Kiti kipo. Ugali upo, ila hausifiwi."

Magari tisa yaliondoka kwa haraka ambayo hayakuwa nayo wakati wa kuja. Kwaya iliimba mpaka vumbi la gari la mwisho lilipotua. Wimbo hufungwa na mwalimu wa kwaya, na mwalimu siku hiyo hakuwa na haraka yoyote.

*

Tunu alifukuzwa kazi, bila shaka. Barua ilifika wiki ileile, bahasha nene, imezungushiwa utepe mwekundu. Lakini kumfukuza mtu ni jambo linaloanza, na katika nchi ya Utepe hakuna jambo linaloanza bila mgeni rasmi. Ilihitajika ifunguliwe na Mheshimiwa mwenyewe, Magengeni, mbele ya wananchi, kwa kwaya. Mheshimiwa alipoarifiwa kuhusu kwaya, ratiba yake ilibana ghafla, na imebana mpaka leo. Bahasha iko mezani kwa Tunu. Anaiwekea kikombe cha chai.

Siku ya arobaini na mbili aliubonyeza mfupa wa Shomari kila upande, akasoma kurasa zake zote tangu mwanzo, akaandika: Imetosha. Shomari alitoka kwa mguu wake, akaenda moja kwa moja kisimani, akatoa kisu cha kazi, akaukata utepe uliokuwa umepauka kwa jua. Hakuhutubia. Alishusha ndoo, akanywa, akajifuta mdomo, akasogea ili wengine wachote.

Masikio ya Mwalimu Zebedayo hayakurudi. Hilo halina mzaha, na wala hadithi hii haitalitafutia. Anaendelea kufundisha. Anauweka uma kwenye meno, anawashika waimbaji koo kwa vidole viwili, na bado anamjua anayekosea. Ila jioni huja kukaa kwenye benchi la kituo, na Tunu anapopita humwuliza kama mbu wapo. Tunu humjibu kwa kichwa kwamba wapo. Kila akijibu, moyo unamuuma upya, na anaona ni haki uume.

Wimbo ulisambaa wenyewe. Uliimbwa sokoni, kwenye misiba, kwenye foleni za dawa. Serikali ilitaka kuupiga marufuku ila haikumpata mgeni rasmi wa kuzindua marufuku hiyo.

Kisha asubuhi moja, mlango wa nyuma wa kituo ulifunguliwa kidogo, akaingia mtu mwembamba aliyejikunyata, koti limefungwa mpaka kidevuni. Alikuwa peke yake, hana gari, hana futi. Alikohoa mpaka akashika ukuta. Alikuwa Bwana Kalumbete Shauri.

"Tabibu," alisema akihema, "kifua. Wiki nzima. Nakuomba, yale ya utepe tuyaache. Mtendaji asijue, Wizara isijue." Alikohoa tena. "Nitatibiwa siku ngapi?"

Tunu alifungua daftari kwenye ukurasa mpya. Aliandika jina lake lote, akamwuliza na la babu, akaliandika na hilo. Kwenye benchi, Mwalimu Zebedayo alikuwa akiwatazama midomo.

"Inategemea," alisema Tunu. "Vua shati."